Namna ya Kuandaa Utafiti Mtambuka wa Uzamili au Uzamivu katika Sanaa na Insia: Mfano wa Taarabu ya Unguja

Mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti mtambuka, yaani unaounganisha taaluma zaidi ya moja, mara nyingi huanza kwa kuorodhesha taaluma. Husema kwamba utafiti wake utagusa fasihi, muziki, historia na masuala ya jinsia, kisha hutafuta mada itakayozibeba zote nne. Njia hiyo huzaa pendekezo pana lisilo na swali, na msimamizi makini hulirudisha likiwa na maoni mengi pembeni. Utafiti mtambuka huzaliwa pale mtu anapokutana na swali ambalo taaluma yake, hata ikifanya kazi yake vizuri kabisa, haiwezi kulijibu peke yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipata swali la aina hiyo, namna ya kujiandaa kwa ajili yake, na namna ya kulifikisha hadi kwenye tasnifu. Ili maelezo yasielee hewani, nitashikamana na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni nyimbo za taarabu zilizorekodiwa na Siti binti Saad.

Anza na swali

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alijulikana kwanza kama muuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba kwa kufuata muziki, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Kabla yake, taarabu ya kasri la sultani na ya vilabu vya mjini ilikuwa ikiimbwa kwa sehemu kubwa kwa Kiarabu. Yeye na kundi lake waliipa nguvu taarabu ya Kiswahili, na sauti yao ikavuka bahari kwa njia ya santuri.

Sasa chukua swali dogo: kwa nini wimbo uliomo katika santuri una beti chache? Mtaalamu wa fasihi ataziangalia beti hizo, atahesabu mishororo na mizani, ataonyesha jinsi vina vya kati na vya mwisho vinavyoitikiana, na huenda akahitimisha kwamba ufupi ni sehemu ya mtindo wa msanii. Hoja hiyo inaonekana kamili hadi pale mtu anapoishika santuri yenyewe mkononi. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika 3 za sauti kila upande. Katika baraza, yaani mbele ya hadhira iliyokusanyika, wimbo wa taarabu hutanguliwa na ala, mwimbaji hurudia mshororo pale wasikilizaji wanapoguswa, na watu huinuka kumtunza mwimbaji kwa fedha, hakuna anayeharakisha. Mbele ya kinasa sauti, wimbo mrefu ulilazimika kupunguzwa au kugawanywa katika pande mbili. Kwa hiyo idadi ya beti ni suala la sanaa na pia ni suala la mashine na biashara.

Ugunduzi huo hauiondoi kazi ya mtaalamu wa fasihi. Unampa swali bora zaidi: ikiwa nafasi ilikuwa ndogo kiasi hicho, ni beti zipi zilizobakizwa, zipi ziliachwa, na uchaguzi huo unatuambia nini kuhusu wasikilizaji waliokusudiwa? Hapo fasihi inahitaji historia ya teknolojia ili iendelee, na historia ya teknolojia inahitaji mtu anayejua kusoma shairi. Hilo ni swali mtambuka.

Ninapendekeza jaribio moja rahisi. Iondoe taaluma moja katika pendekezo lako, kisha ulisome tena swali. Ikiwa jibu unalolitarajia halibadiliki, taaluma hiyo ilikuwa pambo, na ni afadhali uiache mapema kuliko kuitolea maelezo mbele ya jopo. Kichwa cha habari kama "Mchango wa taarabu katika jamii: mkabala wa kifasihi, kihistoria na kijinsia" hakivuki jaribio hili, kwa sababu hakiulizi kitu chochote. Kichwa kinachouliza namna beti zilivyochaguliwa kwa ajili ya santuri katika miaka ya mwisho ya 1920 kinavuka, hata kama ni chembamba. Wembamba wake ndio unaokupa nafasi ya kwenda chini.

Taaluma moja iwe nyumbani kwako

Wapo wanaoamini kwamba msomi mtambuka hapaswi kuwa na makao. Sikubaliani nao, hasa kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Shahada yako itatolewa na kitengo fulani, tasnifu yako itatahiniwa na watu wenye mazoea ya taaluma fulani, na nafasi za kufundisha utakazoziomba baadaye kwa kawaida hutangazwa na idara moja moja. Amua mapema kama wewe ni mtu wa fasihi anayejifunza muziki, au mwanamuziki anayejifunza historia. Uamuzi huo utaongoza uchaguzi wa msimamizi mkuu, orodha ya vitabu unavyopaswa kuvijua bila kufungua daftari, na hata namna ya kutaja marejeo.

Taaluma ya pili ijifunze kwa mikono. Kuisoma katika vitabu hakutoshi, kwa kuwa kila taaluma ina mambo ambayo wenyewe huyajua kwa mazoea na hawayaandiki. Anayetaka kuzungumzia muziki wa taarabu na atenge miezi ya kujifunza ala za nyuzi kama udi, kanuni au fidla, walau hadi kufikia kiwango cha kutambua kwa sikio makamu (mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu) inayopigwa na mahali inapobadilika. Mjini Unguja, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa kifupi kama DCMA, hufundisha ala hizo, na vilabu vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimehifadhi maarifa ambayo hayapatikani katika maktaba yoyote. Kadhalika, anayetaka kutumia nyaraka na ajifunze kusoma hati. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kuenea, na mwandiko huo hauonyeshi kila sauti ya Kiswahili kwa uwazi. Msomaji asiyezoea hupotea kati ya maneno mawili yanayofanana kwa umbo.

Taaluma ya tatu, ikiwapo, iazime kwa adabu. Soma kazi zake muhimu, tumia hitimisho lake pale linapokusaidia, na useme wazi katika utangulizi kwamba hukufanya utafiti wa msingi katika uwanja huo. Watahini husamehe mipaka iliyotajwa. Mipaka iliyofichwa ndiyo inayowakera.

Mahali pa kusoma na watu wa kukusimamia

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mazingira yanayofaa kwa mfano wetu, kwa kuwa kina Ndaki ya Insia, kina Idara ya Sanaa Bunifu yenye walimu wa muziki na maigizo, na kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na Idara ya Kiswahili, ambako tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Maktaba yake kuu ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda za sauti. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiko karibu zaidi na wahusika wenyewe. Makerere, kupitia taasisi yake ya utafiti wa jamii, ilianzisha mwaka 2012 programu ya uzamivu inayowataka wanafunzi kusoma kozi za taaluma mbalimbali kwanza kabla ya kuingia katika utafiti wao. Nje ya Afrika, Bayreuth nchini Ujerumani ina shule ya uzamivu ya taaluma za Afrika iliyoanza mwaka 2007, na SOAS, chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika mjini London, ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili.

Jina la programu lisikuvute kupita kiasi. Ningependa mwanafunzi awe katika idara ya kawaida yenye wasimamizi wawili wanaozungumza kuliko awe katika programu yenye neno "mtambuka" kwenye kila kipeperushi lakini yenye msimamizi mmoja tu anayeijua nusu ya kazi. Kabla ya kukubali nafasi, uliza kwa maandishi: je, kanuni zinaruhusu msimamizi mwenza kutoka idara nyingine? Nani kati yao ataidhinisha sura kabla ya kuwasilishwa? Wakitofautiana, uamuzi ni wa nani? Namfahamu mwanafunzi aliyepoteza karibu mwaka mzima kwa sababu msimamizi mmoja alimtaka aondoe uchambuzi wa muziki na mwingine alimtaka auongeze, na hakuna aliyekuwa amewakutanisha. Dawa yake ni ndogo: omba kikao cha pamoja katika wiki za mwanzo, andika muhtasari wa yaliyokubaliwa, na uwatumie wote wawili siku hiyohiyo.

Kuandika pendekezo

Mapitio ya machapisho ndiyo sehemu inayofichua udhaifu wa pendekezo mtambuka. Wengi huandika kurasa tano za fasihi, tano za historia, tano za muziki, kana kwamba ni mapendekezo matatu yaliyoshonwa kwa uzi mmoja. Yapange mapitio kwa kufuata swali. Katika mfano wetu, sehemu ya kwanza ingekusanya kila mtu aliyewahi kuandika kuhusu namna nyimbo zilivyochaguliwa kwa ajili ya santuri, awe mwanahistoria au mwanamuziki. Sehemu ya pili ingekusanya waliochambua tofauti ya wimbo wa baraza na wimbo ulionaswa. Kwa mpangilio huo, pengo la utafiti huonekana lenyewe, kwa sababu msomaji anaona mahali ambapo taaluma mbili zimezungumzia jambo moja bila kusikilizana.

Kuhusu nadharia, moja inayofanya kazi inatosha. Nadharia tatu zinazotajwa katika sura ya pili na kutoonekana tena hadi hitimisho ni mzigo usio na faida.

Mbinu ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote. Kwa kila aina ya ushahidi unaokusudia kuutumia, jibu mambo matatu: ushahidi huu unaweza kuthibitisha nini, hauwezi kuthibitisha nini, na ni mtaalamu gani atakayeweza kukusahihisha ukikosea. Uchukue wimbo wa "Kijiti", mmojawapo wa nyimbo za Siti zinazokumbukwa zaidi, unaosimulia mauaji ya mwanamke na kulalamikia namna kesi yake ilivyokwenda. Mtafiti anaweza kuwa na maneno ya wimbo, sauti iliyonaswa, masimulizi ya wazee waliousikia kwa wazazi wao, na huenda pia jalada la mahakama katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizoko Kilimani. Maneno ya wimbo yanatuonyesha hukumu ya umma, yaani nani aliyeonekana mkosaji na nani aliyeonekana kudhulumiwa. Hayatuambii kwa uhakika mtu fulani alisema nini mbele ya hakimu. Jalada la mahakama ya kikoloni huandika tarehe na uamuzi, lakini maneno ya shahidi aliyezungumza Kiswahili yalipita kwa mkalimani na kwa mkono wa karani kabla ya kufika kwenye karatasi. Sauti iliyonaswa hutupa kitu ambacho karatasi zote mbili hazina: mahali ambapo mwimbaji alikaza, aliporudia, na aliponyamaza akaziachia ala.

Vyanzo hivi vikipingana, usiharakishe kumtafuta mshindi. Mtafiti wa taaluma moja hulazimika kuamua kipi ni sahihi. Wewe una nafasi ya kuuliza kwa nini vinatofautiana, na jibu la swali hilo huweza kuwa ndiyo sura bora ya tasnifu yako. Uangalifu huohuo unahitajika kwa "Wasifu wa Siti binti Saad" ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwanahistoria huusoma kama ushuhuda wa mtu wa zama zake, mtaalamu wa fasihi huusoma kama kazi ya sanaa yenye lengo la kufunza maadili, na wote wawili wana haki. Ukiutumia kama ushuhuda tu, utaibeba hekima ya mwandishi ukidhani ni tukio. Ukiutumia kama sanaa tu, utaitupa habari ambayo haipatikani kwingine.

Vibali, ridhaa na ratiba

Tanzania Bara, kibali cha utafiti husimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kenya husimamiwa na tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, NACOSTI. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali, na mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam asidhani kwamba karatasi ya Bara inamtosha akishavuka. Ruhusa ya kusoma nyaraka huombwa kwa hifadhi yenyewe, mbali na kibali cha utafiti. Kwa kuwa mradi wa aina hii hugusa sauti zilizorekodiwa, zungumza pia na mamlaka ya hakimiliki, COSOTA kwa Bara au COSOZA kwa Zanzibar, kabla ya kuahidi kwamba utazisambaza. Anza mapema, wakati pendekezo bado linapitiwa.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na isomwe kwa sauti pale inapohitajika. Unapokwenda kwa Bi au kwa Maalim aliyewahi kuimba au kupiga udi, usitangulize dodoso la maswali arobaini. Nenda na mtu anayemfahamu, salimia kwa utulivu, na ukiruhusiwa, uicheze sauti ya zamani na muisikilize pamoja. Mtu aliyekataa kujibu swali kuhusu "dhima ya taarabu" huanza mwenyewe kueleza nani alipiga fidla hiyo, kwa nini mshororo huu uliudhi watu fulani, na neno hili lilikuwa na maana gani mtaani. Ahidi nakala ya mazungumzo, na uipeleke kweli.

Katika uzamivu wa miaka 3, mwaka wa kwanza uhesabu kuwa ni wa kujifunza taaluma ya pili sambamba na pendekezo, wala usiuone kama ucheleweshaji. Kwa uzamili wa mwaka mmoja au miwili muda huo haupo; basi chagua taaluma ya pili ambayo tayari una msingi nayo, kama vile mtu aliyekulia madrasa anavyokuwa na msingi wa kusoma herufi za Kiarabu. Unapoomba ufadhili, iwe kwa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa mfuko wa Jumuiya ya Madola au kwingineko, kumbuka kwamba huenda jopo likawa na watu wasiotoka katika taaluma yako. Ukurasa wa kwanza ueleweke kwa mwalimu wa jiografia.

Kuandika tasnifu

Makosa ya mapitio hurudi hapa kwa sura nyingine: sura moja ya fasihi, moja ya muziki, moja ya historia, kisha hitimisho linalotakiwa kuziunganisha katika kurasa nane. Panga sura kwa maswali madogo au kwa nyimbo. Sura inayoshughulikia wimbo mmoja inaweza kuanza na maneno yake, ikaingia katika sauti, ikatoka hadi kwenye mahakama au soko la santuri, na kurudi kwenye maneno yale yale yakiwa sasa na uzito mwingine.

Msamiati nao unahitaji kutunzwa, na Kiswahili kina mitego yake. Neno "mizani" kwa mtu wa ushairi ni idadi ya silabi katika mshororo, kwa mfano 8 kwa 8. Mwanamuziki akilisikia huweza kufikiria mapigo. "Sauti" kwa mwanaisimu ni kipashio cha lugha, kwa mwanamuziki ni sauti ya mwimbaji au ya ala. Neno linalonishughulisha zaidi ni "kumbukumbu". Mwanahistoria akilisema, mara nyingi anakusudia karatasi zilizohifadhiwa. Mtaalamu wa fasihi simulizi anakusudia kile kilichomo kichwani mwa bibi. Tasnifu inayotumia neno hilo kwa maana zote mbili bila kutahadharisha itamchanganya msomaji katika sehemu muhimu kabisa, yaani pale inapolinganisha karatasi na masimulizi. Amua katika sura ya kwanza: kwa mfano "nyaraka" ziwe karatasi, "kumbukumbu" iwe ya watu, na ushikilie uamuzi huo hadi ukurasa wa mwisho.

Zungumza na wasimamizi kuhusu watahini tangu mapema, ingawa uteuzi wenyewe si kazi yako. Tasnifu ya aina hii ikipelekwa kwa watahini wawili wa fasihi, sehemu ya muziki haitakaguliwa na mtu yeyote, na hiyo ni hasara kwako hata ukifaulu. Mtahini mmoja awe wa taaluma yako ya nyumbani, mwingine awe wa ile uliyojifunza kwa mikono.

Mwisho, ambatisha sauti. Kila unapochambua mshororo, taja namba ya ubeti, upande wa santuri na sekunde ambapo mshororo huo unasikika, na uweke faili ya sauti pamoja na tasnifu ikiwa hakimiliki inaruhusu. Mtahini wa historia asiyesoma noti ataweza kusikia mwenyewe mahali unaposema Siti alirudia neno mara tatu, na mpiga udi asiyejua arudhi, yaani kanuni za ushairi, ataweza kuuona mshororo unaozungumziwa huku akiusikiliza.